Kitabu Nilichokiosha

Mwezi uliopita mvua ilipenya paa la nyumba ya binti yangu ikalowesha vitabu vya wajukuu. Nikavianika kwenye kamba ya nguo, kimoja kimoja, nikivibana kwa vibanio, na harufu ya karatasi mbichi ikanijaa puani hadi nikakaa chini palepale kizingitini. Binti yangu alidhani presha imepanda. Nikamwambia hapana, ni aibu ya zamani tu, imekuja kunisalimia. Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Tumefika umri ambao pua inakumbuka kuliko kichwa.

Familia yetu ni ya wale Wasomali wa Isiolo ambao babu zao walikuja na bunduki za Mwingereza mabegani, vita vikaisha, wakaambiwa basi kaeni hapa. Wakakaa. Waliweka maduka, wakanunua malori, wakazaa. Aabo, yaani baba yangu, alikuwa mmoja wa hao wa malori, akipeleka unga na sukari kule mashariki ambako barabara ilikuwa ni nyayo za ngamia tu. Hooyo, mama yangu, alishinda sokoni. Mimi nililelewa na Ayeyo, mama yake baba, mwanamke mrefu mwembamba ambaye hata akinong'ona jirani alisikia. Kwa desturi yetu bibi humwita mjukuu jina lilelile ambalo mjukuu humwita yeye, kwa hiyo nilikua nikiitwa Ayeyo nikiwa sina hata meno yote, na jambo hilo lilinipa kiburi kidogo ambacho hakijanitoka mpaka leo.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kitabu kimoja tu, nacho ni msahafu. Ulifungwa kwa kitambaa cha kijani na kuwekwa juu ya kabati, mahali palipopita kichwa cha mtu yeyote. Hakuna aliyeugusa bila udhu. Hakuna aliyenyoosha miguu kuuelekea. Kwa hiyo neno kitabu, kwangu mimi wa miaka mitano, halikuwa na maana nyingine. Kitabu ni kitu unachokitawadhia kwanza ndipo unakishika.

Kisha kulikuwa na loho, ubao wa kuandikia aya. Kaka yangu Abdi alikuwa ameanza duksi, chuo cha Qur'ani, na kama watoto wote wa duksi hakupewa karatasi, alipewa ubao. Wino waliutengeneza wenyewe kwa makaa yaliyosagwa na gundi ya mgunga, wakaandika kwa kijiti kilichochongwa. Abdi alikaa na ubao wake siku kadhaa akiyumbayumba na kusoma kwa sauti, mpaka maneno yote yamekaa kifuani. Hapo maalim humwita na kumsikiliza. Akiridhika humwambia, osha. Basi Abdi huchukua maji safi na kuuosha ubao ukabaki mtupu, tayari kwa somo jipya, na yale maji hayamwagwi ovyo mahali pa kukanyagwa. Yalimwagwa kwenye shina la kichaka kilichozungushiwa mawe, na watoto wadogo kama mimi tulipewa funda moja tunywe, ili baraka ituingie. Nilikuwa nikiyanywa huku nimefumba macho. Yalikuwa na ladha ya moshi, na niliamini kabisa kwamba nilichokuwa nikimeza ni maneno.

Mimi sikupelekwa duksi mwaka ule. Nilipelekwa nasari, shule ya chekechea. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya maduka, sakafu ya udongo, na ticha mmoja aliyeitwa Talaso, msichana wa Kiborana kutoka Kinna. Akitoka kwao alituletea ndizi za mashambani, akatukatia vipande, na kabla hujapewa kipande lazima uimbe. Tulikuwa Wasomali, Waborana, Waturkana na Wameru, kila mmoja na lugha ya mama yake mdomoni, na Kiswahili tulikuwa tukikikuta palepale mlangoni.

Siku moja Ticha Talaso alirudi kutoka kozi ya Meru na sanduku la mbao, la aina ile ya kusafirishia majani chai. Ndani kulikuwa na vitabu kumi na viwili, vyembamba, vya rangi. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Aliketi kwenye kigoda, akafungua kimoja, akakigeuza kifuani mwake ili sisi tuone, akaanza kusoma huku kidole chake kikitembea. Kilikuwa kitabu cha msichana aitwaye Nuru aliyetoka kisimani na kibuyu. Alikutana na kuku mwenye kiu, kisha mbuzi, kisha punda, na kila ukurasa aliuliza swali lilelile: "Maji, maji, nani anataka maji?" Kila mara kidole cha ticha kilipofika pale kilisimama, na sisi sote tukapiga kelele, maji. Mwishoni Nuru anafika nyumbani kibuyu kitupu, anaangalia juu, na mvua inamnyeshea usoni.

Kesho yake tukaomba tena. Akasoma tena, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa ambalo siwezi kulieleza vizuri hata leo. Maneno yalikuwa yaleyale. Hadithi za Ayeyo zilibadilika kila alipozisimulia. Fisi aliyekufa juzi leo anaoa, na ukimkumbusha anakwambia huyo ni fisi mwingine. Lakini Nuru alisema neno lilelile mahali palepale, leo na kesho na keshokutwa. Mimi nilijua kitu kimoja tu duniani ambacho maneno yake hayabadiliki, nacho kilikuwa juu ya kabati kwenye kitambaa cha kijani. Nikakaa pale sakafuni nikiwa na hofu ya furaha, nikajiuliza kama ticha ametawadha.

Ticha Talaso hakutaka vitabu vile vikae nasari. Aliwaita wazazi mkutanoni, nami nikaenda nikiwa nimeshika shuka ya Ayeyo. Aliwaambia kwamba mtoto anaanza kusoma kabla hajajua herufi hata moja, kwamba akikaa na mtu mzima, akaangalia picha, akaulizwa anaona nini, kichwa chake kinafunguka. "Hata kama mzazi hajui kusoma," alisema, "mkae na yeye tu. Mwulize huyu ni nani, anaenda wapi. Kitabu iende nyumbani Ijumaa, irudi Jumatatu."

Mwenyekiti wa nasari alikuwa Mzee Jaldesa. Alikuwa mfugaji wa Sericho ambaye ukame ulimmalizia ng'ombe, akahamia mjini akawa dalali wa mifugo, na yeye ndiye aliyechanga mabati ya kile chumba. Kwa hiyo akikohoa watu walinyamaza. Siku ile alikohoa.

"Mtoto hajui hata kufunga kiatu," alisema. "Unampatia kitabu afanye nini? Ataikula. Yeye akiacha, mbuzi itamaliza."

"Mzee, samaki mkunje angali mbichi," Ticha Talaso akajibu kwa heshima.

"Hapa hatukuli samaki," Mzee Jaldesa alisema, na wazazi wakacheka mpaka ticha naye akacheka.

Lakini ticha hakukata tamaa, na mwishowe mzee alikubali kwa sharti. Kitabu kimoja kikipotea au kikiharibika, kimoja tu, sanduku linafungwa na vitabu vinangoja watoto wa darasa la kwanza. Alinunua kufuli yeye mwenyewe. Kila Jumatatu asubuhi alikuja na fimbo yake kuangalia vikirudi.

Zamu yangu ilipofika nilipewa Nuru. Nilimbeba kichwani toka nasari hadi nyumbani, kwa mikono miwili, maana kwapani niliona ni kumdharau. Ayeyo aliponiona aliacha alichokuwa akifanya. Aliniambia nikatawadhe. Yeye naye akatawadha. Tukaketi mkekani, akakiweka kitabu juu ya mto, kisha akaniambia kama ticha alivyoagiza, nimweleze ninaona nini.

Nyumbani tulizungumza Kisomali, na Kisomali cha Ayeyo kilikuwa kikali na kizuri. Aliitazama ile picha ya Nuru kwa muda. "Huyu ni binti wa nani?" akauliza. Nikasema sijui. "Hakuna binti wa hivihivi. Muulize ticha ukoo wake." Tulipofika kwa punda alishindwa kuvumilia. "Mama yake anajua kwamba anagawa maji njiani? Huyu atapigwa." Tulipofika kwenye mvua alisema, "Alhamdulillahi," kwa dhati kabisa, kama mvua imenyesha uani kwetu. Ayeyo hakuwahi kusoma neno moja maishani mwake, lakini kitabu kile alikisoma kuliko watu wengi ninaowajua walio na shahada.

Tulikipitia usiku ule, tukakipitia Jumamosi kutwa, na Jumapili asubuhi niligundua kwamba ninakijua chote. Nilifumba macho nikakisema toka mwanzo hadi mwisho, sikukosa hata kuku. Nilijua kinachofuata, kwa sababu nilikuwa nimemwona Abdi akifanya mara nyingi. Nimehifadhi. Kilichobaki ni kuosha, ili kesho ticha aniandikie hadithi nyingine.

Mchana Ayeyo alilala, Hooyo akiwa sokoni. Nilitawadha vizuri, hata nyuma ya masikio. Nikachukua beseni la bluu, nikamimina maji ya mtungini, nikafungua ukurasa wa kuku, nikaanza kuosha.

Wino wa Abdi ulikuwa ukitoka mara moja, mweusi kama chai ya rangi. Huu haukutoka. Nikaongeza maji, nikasugua kwa kidole gumba. Karatasi ikavimba, ikawa laini, lakini herufi zilikuwa palepale zikiniangalia. Nikafikiri, pengine sijahifadhi sawasawa, ndiyo maana maneno yanakataa kuondoka. Nikaisema hadithi yote tena kwa sauti, nikasugua tena. Nikaenda jikoni nikaleta majivu ya kusugulia sufuria. Hapo mbuzi akatoboka. Punda akakatika miguu. Lile neno ambalo kidole cha ticha husimama juu yake lilikuwa kila ukurasa, na kila ukurasa lilinishinda. Lilianza kwa vilima viwili na likaishia kwa nukta mbili juu, na hata karatasi ilipochanika lenyewe lilibaki zima, likang'ang'ania kwenye kiganja changu kama linataka kuingia ndani. Niliogopa sana. Sikuwa nimewahi kushindana na kitu kidogo namna ile kikanishinda. Na bado, kwa kuwa nililelewa vyema, sikuyamwaga yale maji. Niliyanywa funda tatu, na mengine nikayapeleka kwenye kile kichaka chenye mawe.

Ayeyo alinikuta huko. Aliangalia beseni, akaangalia kitabu, akaangalia majivu kidevuni mwangu.

"Umeosha?"

"Nimehifadhi, Ayeyo."

"Nani amekusikiliza?"

Akapiga paja lake kwa kiganja. Kosa aliloliona yeye lilikuwa hilo tu. Hujasikilizwa, unaoshaje? Hooyo aliporudi ndiye aliyeliona kosa lingine, maana ndiye aliyelikumbuka sharti la Mzee Jaldesa. Alinitia kofi moja, kisha akaketi chini akashika kichwa. "Watoto wote wa watu," alikuwa akisema. "Watoto wote wa watu watanyimwa kwa sababu yetu." Nilikuwa sijafikiria watoto wa watu. Nilipowafikiria, nililia mpaka nikatapika yale maji, na kwa kutapika nikalia zaidi, kwa kuwa niliamini maneno yametoka.

Ayeyo alikikausha kitabu juu ya makaa, akikigeuza kwa mkono kama anachoma mkate. Asubuhi kilikuwa kigumu, kimefura kama mandazi. Akakifunga kwenye kitambaa safi, akavaa shuka yake ya Idi, akaniambia nitangulie.

Mzee Jaldesa alikuwa amekwisha fika, ameketi kwenye kigoda karibu na sanduku. Wenzangu walikuwa wamejipanga kurudisha vitabu. Ayeyo alisalimia, "Salaam aleikum," akamkabidhi ticha kitambaa. Ticha Talaso alikifungua, na mara uso wake ulinyauka. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mzee.

Mzee Jaldesa hakupaza sauti. "Si nilisema?" Akaichomoa kufuli kwenye komeo iliponing'inia. "Basi. Hizi zingoje klasi wani."

Nyuma yangu msichana mmoja wa Kituruki... samahani, wa Kiturkana, jina lake limenitoka, alianza kulia polepole. Zamu yake ilikuwa Ijumaa iliyokuwa inakuja. Mpaka leo nikikumbuka kilio kile masikio yangu hupata moto.

Hapo Ayeyo akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za askari, alichokiokota kwa mumewe, na hakikuwahi kumwaibisha hata siku moja.

"Mzee, ngoja kidogo. Hii mtoto nafanya makosa, mimi hapana kataa. Yeye naosha loho mbele ya kusikilizwa. Hiyo makosa kubwa. Lakini yeye nasema nashika yote. Sasa ticha sikiliza yeye."

"Mama, hii si duksi," mzee akamwambia.

"Duksi, nasari, mtoto iko moja. Kichwa yake iko moja."

Mzee Jaldesa akamwashiria ticha aketi. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa duksi, chini ya migunga ya Sericho, na alijua kwamba mtoto akisema amehifadhi, husikilizwa. Ticha Talaso akaketi, akakishika kile kitabu kilichofura. Nikakunja miguu, nikaanza kuyumba kama Abdi, nikasema. Nilisema kuku, nikasema mbuzi, na pale ukurasa unapogeuka nilinyamaza nikamngoja ticha ageuze, hata kama kilichobaki kilikuwa kipande. Akageuza mpaka ule wa mvua.

"Ameshika kwa kichwa," Mzee Jaldesa alisema. "Ni vizuri. Lakini hata kasuku anashika. Kusoma ni kitu ingine."

Alisema kweli, nami nakiri hivyo sasa. Ticha Talaso naye hakubishana. Alichukua chaki, akafunika sanduku, akaandika maneno matano juu ya kifuniko, yakiwa yamechanganyika, moja huku jingine kule.

"Kuna moja unaijua hapa?" akaniuliza. "Kama hakuna, sema hakuna."

Niliangalia. Yalikuwa minyoo mitupu. Kisha jicho langu likapita upande wa kushoto, likasimama. Vilima viwili. Nukta mbili mwishoni. Hakikuwa kitabu, hakukuwa na picha ya Nuru wala kibuyu, ilikuwa chaki juu ya mbao, na bado lilikuwa lenyewe. Sikujua kwamba neno linaweza kutoka kwenye kitabu likaenda kukaa mahali pengine. Nikaweka kidole.

"Hii ndiyo ilikataa kutoka," nikasema. "Hii ni maji."

Ticha alifuta kwa kiganja, akaandika upya, akalihamisha lile neno mpaka pembeni kabisa na kulifanya dogo. Nikalipata. Akafuta tena. Nikalipata tena. Ayeyo alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya shuka.

Mzee Jaldesa akainuka. Kila mtu mjini alijua kwamba mambo ya ofisi aliyamaliza kwa kidole gumba na wino wa mhuri, na hakuna aliyethubutu kulitaja. Alikuja akainama juu ya sanduku, fimbo kwenye mkono mmoja, kufuli kwenye mwingine.

"Hiyo ndiyo maji?"

"Ndiyo, mzee."

"Yote?"

"Yote."

Aliitua kufuli juu ya mbao. Akanyoosha kidole chake, kipana, chenye ukucha uliopasuka, akakiweka kando ya changu, taratibu, asije akafuta.

"Huko kwetu tunatembea siku tatu tukifuata hii kitu," alisema. "Kumbe ni kidogo hivi."

Alibaki ameinama.

"Mpatie kitabu ingine," akamwambia ticha, na hakukiondoa kidole chake pale.